Imetumwa, Haijafika

Kinyozi wetu wa Umoja Innercore hayumo katika grupu lolote la wazazi, na mtoto wake bado ananyonya. Lakini muhula ukifunguliwa, yeye ndiye wa kwanza kujua shule zimesema nini. Wavulana wakimiminika Ijumaa jioni wakiwa na shilingi hamsini mkononi, anajua kuna mwalimu mkuu amechoshwa na nywele. Wakija na mama zao, nyuso zimekunjamana, anajua kuna waliorudishwa nyumbani.

Jumamosi moja ya Januari 2026, siku mbili kabla ya gredi ya 10 ya kwanza nchini kuripoti, nilimkuta na foleni ya vichwa saba. Stima ilikuwa imepotea, mashine zimenyamaza, na kichwa kimoja kilikuwa kimenyolewa upande wa kushoto tu. Mwenye kichwa hicho, mvulana wa miaka kumi hivi, alikaa kimya akijitazama kwenye kioo. Sisi watu wazima tulibanana kwenye benchi tukisubiri.

Ubishi uliletwa na simu. Mama Mboga, ambaye kibanda chake kiko Mutindwa, alikuwa na kabambe yake mkononi. Jirani yake, Dereva wa matatu, alikuwa akimsomea notisi ya shule kutoka kwa simu yake yeye, iliyopasuka kioo toka pembe hadi pembe, hivi kwamba pesa zilizodaiwa zilisomeka ama 300 ama 800. Watoto wao wako darasa moja. Dereva alikuwa ameijua notisi hiyo tangu Jumatano. Mama Mboga aliijua Ijumaa saa nne asubuhi, mtoto alipofika kibandani na begi mgongoni.

Nitawataja kwa kazi zao, kwa sababu ndivyo wanavyoitana, na pia kwa sababu wana watoto katika shule za hapa na ningependa Jumatatu waamke kwa amani.

MAMA MBOGA: Nauliza swali moja tu. Hii notisi ilitumwa lini?

DEREVA: Jumatano, saa mbili usiku. Iko hapa.

MAMA MBOGA: Ilitumwa kwa nani?

DEREVA: Kwa grupu.

MAMA MBOGA: Grupu ni mtu? Saa mbili usiku niko kibandani nakatakata sukuma ya watu wanaotoka kazini. Simu yangu ni hii. Inapiga, inapokea, inatuma M-Pesa, na ina tochi. Sasa mtoto wangu anafukuzwa darasani kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa kwenye simu ya mtu mwingine!

DEREVA: Lakini mimi, mama, hilo grupu ndilo limeniokoa. Natoka nyumbani saa kumi alfajiri, nikirudi watoto wamelala. Mikutano ya wazazi huitishwa Ijumaa saa tatu asubuhi, saa ambayo nimekwama Outer Ring na abiria wananitukania mama. Tangu kifungua mimba wangu aanze shule sijawahi kuketi kwenye mkutano hata mmoja. Kwenye simu naona kila kitu. Tarehe ya kufunga, sare, chanjo, mtoto ameangukia wapi. Ukiniondolea grupu umenifanya baba wa picha ukutani.

Upande wa pili wa benchi alikaa Mwalimu, kijana anayefundisha JSS, yaani sekondari msingi, katika shule ya umma hapa Eastlands, ingawa si hiyo iliyotuma notisi. Alikuwa amekuja kunyolewa kama mtu yeyote. Nilimwona akijaribu kunyamaza. Mwalimu akikaa kimya penye wazazi, ujue anahesabu.

MWALIMU: Mama, naomba nikupe hesabu, kisha unitukane. Chukua shule ya watoto 1,500. Fotokopi ya karatasi moja ni shilingi 5. Barua moja kwa kila mzazi ni 7,500. Mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka mzima, na hapo ni ukija wote. Kwa hivyo barua moja tu imemeza mgao wa mwaka wa watoto watano, na bado inadai 400. Muhula mmoja una barua ngapi? Watoto watasomea nini, bahasha?

MAMA MBOGA: Mwalimu, mimi sijakuambia uniletee bahasha. Nimekuambia habari haikunifikia.

Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza kwa makini. Katika lugha yetu kutuma na kufika ni vitenzi viwili, na kati yake kuna safari. Ofisi nyingi za elimu, kuanzia ile ya wizara kule Jogoo House hadi ile yenye mlango wa mabati ndani ya shule, huandika kitenzi cha kwanza kwenye faili na kudhani cha pili kimejifanya chenyewe. Notisi ikishatoka, kazi imekwisha. Ikipotea njiani, aliyepoteza ni mzazi.

Shosho, aliyemleta mjukuu wake kunyolewa, alitikisa kichwa. Amekaa Umoja tangu nyumba zikiwa mpya, kabla watu hawajajenga ghorofa juu ya kila uwanja na kila kijibustani.

SHOSHO: Nyinyi mnagombana kuhusu simu na karatasi. Mwaka wa 2003, Kibaki aliposema shule ni bure, nani alitumiwa karatasi? Tulisikia redioni, tukawashika watoto mkono, tukaenda. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa amesikia redioni kama sisi. Madarasa yalijaa mpaka watoto wakakaa dirishani. Lakini kuna kitu kilikuwako siku zile ambacho sikioni leo. Karibu na mlango wa ofisi walibandika karatasi ukutani. Pesa zilizokuja ni hizi, za vitabu ni hizi, zilizobaki ni hizi. Mimi Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini tarakimu nasoma.

Shosho hakukosea. Masomo ya bure ya 2003 yaliinua idadi ya wanafunzi wa shule za msingi kutoka karibu milioni 5.9 hadi karibu milioni 7.2 katika mwaka mmoja, na nyumba nyingi hazikupata habari hiyo kwa njia nyingine isipokuwa redio na mdomo wa jirani. Mgao ulikuwa shilingi 1,020 kwa mtoto, ukagawanywa katika akaunti mbili: 650 za vifaa vya masomo katika akaunti iliyobatizwa SIMBA, na 370 za matumizi mengine. Shule zilitakiwa kubandika hesabu hizo mahali pa wazi. Tangu siku hizo hadi leo, zaidi ya miaka ishirini ya bei za unga na nauli kupanda, mgao wa msingi umeongezeka kwa shilingi 400. Ukuta wa Shosho nao ukahamia kwenye simu, na katika kuhama ikaachwa sehemu iliyosema pesa zimeingia. Iliyobaki ni ile inayosema pesa zitoke.

MWANAFUNZI: Naweza kusema kitu?

Alikuwa msichana wa miaka kumi na tano, mjukuu mkubwa wa Shosho. Alikuwa amemaliza gredi ya 9 na alikuwa akisubiri Jumatatu.

SHOSHO: Sema, mama.

MWANAFUNZI: Karatasi si nzuri vile mnafikiri. Karatasi inapitia kwa mtoto. Mkutano wa wazazi ukiitishwa kwa sababu mimi nimekosea, hiyo barua haifiki, inatupwa mtaroni. Na barua ya pesa… Shosh, usikasirike. Shule ikisema mia mbili, mimi nilikuwa nakusomea mia mbili hamsini.

SHOSHO: Tangu lini?

MWANAFUNZI: Gredi ya sita.

Benchi lote lilicheka, Kinyozi akalazimika kushika mlango. Shosho hakucheka. Alihesabu kimya kimya, nadhani ile mihula yote tangu gredi ya sita, kisha akamtazama mjukuu kwa jicho ambalo litalipwa nyumbani.

DEREVA: Sasa mmeona? Simu haiongezi hamsini.

MAMA MBOGA: Simu inaongeza aibu. Muulize aliyekuwa na deni mwaka jana. Muhula wa pili waliweka orodha kwenye hilo grupu lako, majina ya watoto na pesa wanazodaiwa, kuanzia mkubwa wa madeni mpaka mdogo. Mtoto wangu alikuwa wa tatu. Mimi sikuiona, sina hiyo simu. Wewe uliiona. Wateja wangu waliiona. Mtu ananunua nyanya za ishirini huku anajua nina deni la shule la elfu mbili. Mtoto wangu aliitwa «namba tatu» na wenzake wiki nzima.

Dereva aliinamisha kichwa. Hakukana.

Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na kwa habari za watoto inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa hiyo. Zile zilikuwa picha tu, watoto wakionekana vizuri. Sijui orodha ya madeni ya watoto wa darasa zima ingepimwa kwa mizani gani, lakini ningependa kuwa karibu siku inapopimwa.

MWALIMU: Orodha ya madeni ni makosa, sitaitetea. Ila msidhani sisi walimu tuna siri ya habari tunayowaficha. Na sisi tunazipata kwa runinga. Mnakumbuka mafuriko?

Kila mtu aliyekuwa pale alikumbuka. Muhula wa pili wa 2024 ulikuwa ufunguliwe Jumatatu, 29 Aprili. Mvua ilikuwa imesomba nyumba Mathare na kwingineko, na wazazi walikuwa wakiuliza kwa siku kadhaa: zitafunguliwa au hazitafunguliwa? Taarifa ya Waziri Ezekiel Machogu ya kuahirisha kwa wiki moja ilitoka usiku wa kuamkia Jumatatu hiyohiyo, watu wamelala. Ijumaa, tarehe 3 Mei, Rais William Ruto akaahirisha tena, safari hii bila kutaja siku. Shule zikafunguliwa tarehe 13.

DEREVA: Mimi asubuhi ile nilibeba watoto na masanduku kutoka Umoja mpaka stendi za mjini. Kumi na moja alfajiri, mvua, godoro juu ya keria. Abiria mmoja mwenye simu nzuri akasoma kwa sauti, «shule zimeahirishwa.» Gari lote likanyamaza. Mama mmoja akaniuliza kama nitamrudishia nauli. Nimrudishie mimi? Wizara ndiyo ilikula nauli yake.

MWALIMU: Na mimi nilikuwa tayari nimefika shuleni. Mlinzi ndiye aliniambia.

MAMA MBOGA: Basi wewe na mimi ni ndugu.

MWALIMU: Hata kazi yenyewe. Nilianza kama mwalimu wa mkataba katika JSS, posho ya shilingi 20,000 kabla ya makato. Mwaka wa 2024 tuligoma. Kila jioni nilikuwa nafungua taarifa ya habari kujua kama nimefutwa, nimeajiriwa au niendelee kusubiri. Mama mzazi alikuwa ananipigia kutoka nyumbani Kakamega kuniambia hatima yangu, kwa sababu kwake stima ilikuwa haijapotea.

Hapa lazima niseme langu. Kuna namna ya kuzungumzia shule za mji huu kana kwamba mwalimu ni mpiga debe wa serikali na mzazi ni abiria. Kumbe wote wako ndani ya gari moja, wakisubiri dereva atangaze njia. Tarehe 1 Desemba 2022 walitangaziwa kwamba gredi ya 7 itasomea katika shule za msingi, si za sekondari, kufuata pendekezo la jopo la mageuzi ya elimu la Profesa Raphael Munavu. Watoto hao waliripoti mwishoni mwa Januari 2023. Miezi miwili! Kuna nyumba Umoja zilizokwisha kununua sanduku na kufuli kwa ajili ya bweni. Najua moja. Sanduku hilo liko juu ya kabati hadi leo, limehifadhi blanketi za wageni, na mtoto aliyenunuliwa sanduku hilo alikuwa mmoja wa waliosubiri kuripoti Jumatatu ile.

Sisemi uamuzi ulikuwa mbaya. Mtoto wa miaka kumi na miwili kulala kwao ni jambo jema, na kwa mfuko wa Eastlands ni jambo jema zaidi. Nasema ulishuka kama mvua ya Aprili, na aliyelowa akalaumiwa kwa kutobeba mwavuli.

Msichana alikuwa na lake, na ndilo lililonikaa moyoni.

MWANAFUNZI: Mnazungumza pesa tu. Mwaka jana tuliambiwa tuchague njia. Sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Halafu masomo matatu ndani ya njia, halafu shule kumi na mbili. Shule ilituma kiungo cha intaneti kwenye grupu. Shosh hayuko kwenye grupu. Mama yuko Saudia, yuko kwenye grupu lakini simu yake huwa inawekwa na mwajiri mpaka usiku. Kwa hivyo nilichagua mwenyewe, saiba, nikiwa na rafiki yangu, na foleni nyuma yetu. Dakika kumi na tano.

MAMA MBOGA: Ulichagua nini?

MWANAFUNZI: Sayansi. Kwa sababu rafiki yangu alichagua sayansi.

SHOSHO: Mbona hukuniuliza?

MWANAFUNZI: Ningekuuliza nini, Shosh? Mimi mwenyewe sikuwa nimeelewa.

Hakuna aliyemjibu. Zaidi ya watahiniwa milioni 1.1 walifanya mtihani wa kwanza wa KJSEA, ule wa mwisho wa gredi ya 9, mwishoni mwa 2025. Mtihani wenyewe una uzito wa asilimia 60 ya alama; asilimia 20 zinatoka kwa ule wa gredi ya 6, na 20 kwa tathmini za shuleni. Nimemuuliza mzazi baada ya mzazi hapa mtaani kama alijua kwamba alama ya gredi ya 6 ilikuwa bado inamfuata mtoto. Wengi walinitazama kama mtu anayewauliza jina la gavana wa Turkana. Mabadiliko ya mtaala yaliwafikia kama neno moja, «CBC», na baadaye «CBE», pamoja na orodha ya vitu vya kununua na kuchapisha saiba usiku. Maana yake haikuwafikia.

Dereva alirudi kwenye simu yake. Nadhani alikuwa akitafuta kitu cha kulitetea grupu, na badala yake akakuta kitu kingine.

DEREVA: Ngojeni. Nilitaka kuwaonyesha mahali wazazi waliuliza hii mia tatu ni ya nini. Sioni. Inasema wasimamizi pekee ndio wanaweza kutuma ujumbe.

MWALIMU: Tangu lini?

DEREVA: Tangu… Novemba. Siku ile mzazi mmoja aliuliza risiti.

Kinyozi, ambaye muda wote alikuwa akipangusa mashine isiyo na stima, alicheka peke yake.

KINYOZI: Kwa hivyo mnalipigania tangazo. Hilo si grupu, hiyo ni spika ya msikiti bila mtu wa kujibu amina.

MWALIMU: Wakati mwingine wanafunga kwa sababu ya matusi, jamani. Mzazi anatuma video za siasa usiku wa manane, mwingine anauza sabuni. Mwalimu wa darasa ana maisha.

KINYOZI: Sawa. Lakini lilifungwa siku ya sabuni au siku ya risiti?

Swali hilo Mwalimu hakulikwepa. Alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena.

MWALIMU: Nitawaambia jambo, halafu msiseme nimelisema mimi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29. Shule ya umma haitozi karo ya kufundisha. Ada nyingine zinaweza kutozwa, lakini kwa idhini ya Waziri, akishauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mtoto hazuiwi kuhudhuria shule kwa kushindwa kuzilipa. Na hakuna anayeruhusiwa kupokea hata shilingi bila kutoa risiti rasmi.

MAMA MBOGA: Rudia hapo pa kuzuiwa.

MWALIMU: Hazuiwi.

MAMA MBOGA: Na wangu jana alirudishwa na nini, upepo?

MWALIMU: Mama, mwalimu mkuu naye ana deni la stima, deni la maji, mlinzi hajalipwa, na mgao umechelewa. Ataiendesha shule kwa kifungu?

Hili ndilo jibu bora la upande wa shule, na sitalipuuza. Mgao ukichelewa, na mara nyingi huchelewa, shule hubaki na watoto wote na bili zote. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge wazi kwamba serikali haiwezi kumudu zile shilingi 22,244 zilizoahidiwa kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Pengo hilo huzibwa na mtu, na huyo mtu mara nyingi ana kibanda Mutindwa. Lakini tazama jinsi habari ilivyopinda njiani. Ngazi ya juu ilikosa fedha na ikasema. Ngazi ya chini ilikosa fedha ikaandika «kila mzazi alipe 300 za tathmini kufikia Ijumaa», bila kusema mgao umechelewa kwa kiasi gani, bila kusema nani ameidhinisha, bila nambari ya risiti. Mama Mboga angeambiwa ukweli, nina hakika angetoa. Nimemwona akitoa kwa matanga ya watu asiowajua.

SHOSHO: Na wale wa bodi wako wapi? Si kuna wazazi kwenye bodi?

MWALIMU: Sita. Sheria inasema bodi ya usimamizi iwe na watu sita waliochaguliwa kuwakilisha wazazi. Na chama cha wazazi kina mwakilishi wa kila darasa.

SHOSHO: Wetu ni nani?

Dereva hakujua. Mama Mboga hakujua. Mimi mwenyewe, niliyekaa hapo nikiandika hukumu kichwani juu ya wizara na walimu wakuu, sikujua, na nina mtoto gredi ya 5. Nilijisikia kama yule kijana aliyenyolewa upande mmoja.

MAMA MBOGA: Basi mimi nitasema ninachotaka, muandike. Sitaki simu ya bei. Nataka notisi ya pesa ibandikwe getini, kwa Kiswahili, siku saba kabla. Iseme pesa ngapi, za nini, nani ameruhusu, na serikali imeleta ngapi. Mtoto wangu akikosa, niitwe mimi. Asirudishwe yeye. Ukuta hauhitaji bando.

DEREVA: Na grupu libaki. Lakini lifunguliwe saa moja tu, tuseme Jumapili jioni, tuulize.

MWALIMU: Getini inawezekana. Karatasi moja, shilingi 5. Saa moja ya Jumapili… hiyo muwaulize walimu wa darasa, mimi nisije nikapigwa.

MWANAFUNZI: Na mtufundishe sisi kwanza kabla ya kutuambia tuchague.

Stima ilirudi bila kuaga, kama ilivyoondoka. Mashine ikanguruma, na mvulana wa nusu kichwa akashusha pumzi. Mjadala ulikatika hapo, kwa sababu kila mtu alikuwa na Jumamosi yake. Mama Mboga alilipa hamsini ya kijana wake, na kabla ya kutoka akamwomba Mwalimu amwandikie nambari ya kile kifungu kwenye kipande cha karatasi. Mwalimu aliandika «29» nyuma ya tiketi ya mechi iliyochanika, akaongeza «(2)» baada ya kufikiri kidogo. Mama akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kifuko anachotilia pesa za soko la asubuhi.

Hukumu yangu ni hii, na haihusu simu wala karatasi. Notisi ya shule inayotaja pesa bila kutaja aliyeidhinisha, bila risiti, na bila mahali pa kuuliza, ni bili, hata ikiwa na nembo juu na salamu nzuri chini. Mzazi haandikiwi bili na shule ya umma gizani. Katiba, ibara ya 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Shule ya umma ni ofisi ya umma. Andika barua fupi kwa Kiswahili, uulize: muhula huu mmepokea mgao kiasi gani, na hii ada imeidhinishwa na nani? Baki na nakala yenye muhuri wa siku uliyoipeleka. Na kabla ya hapo, jua jina la mzazi anayekuwakilisha kwenye bodi. Mimi nililitafuta la wangu Jumatatu ile. Ni dada anayeuza viatu mita mia mbili kutoka mlangoni kwangu, na aliniambia kwamba tangu achaguliwe, mimi ni mzazi wa pili kumuuliza chochote.